Nafunga, nakesha, natoa, lakini sioni kama Mungu amenisamehe

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 39, nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nanunua alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika, mzigo ukitosha napeleka Tabora kwa treni. Nimeolewa na tuna watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu hapa hakuna mtu ninayeweza kumwambia haya uso kwa uso.

Mwaka 2016 nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, akina mama ishirini na wawili. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu na funguo zilikaa kwa watu watatu, kwa hiyo fedha iliyokwisha kuingia humo ilikuwa salama. Kilichoniponza ni marejesho. Mtu akipata hela katikati ya wiki na kuogopa kuitumia, alikuwa ananiletea nyumbani nimtunzie mpaka siku ya kikao. Nikaanza kuizungusha kidogo kidogo kwenye mzigo wangu. Nilijiambia nitarudisha. Masika ile mvua ikanikutia dagaa mchangani siku nne mfululizo, wakaharibika, nikauza kwa bei ya chakula cha kuku. Siku ya kuvunja kikoba inakaribia, nilikuwa pungufu shilingi 1,260,000.

Nikasema nimeibiwa nyumbani. Shangazi, sikumtaja mtu. Lakini nyumbani alikuwepo binti wa wifi yangu, wa miaka kumi na saba, aliyeletwa kutoka Kasulu anisaidie kazi. Watu wakaunganisha wenyewe. Mume wangu akamchapa, kesho yake akamrudisha kwao. Nilikuwepo stendi. Aliponiangalia akiwa dirishani kwenye basi, niligeuka nikajifanya naulizia bei ya ndizi.

Kikoba kilivunjika vibaya, wengine hawakupata hata akiba zao. Mume wangu mpaka leo hajui.

Mwaka 2019 niliokoka kwenye mkutano wa injili. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa mwepesi, kisha uzito ukarudi. Tangu hapo kila mkutano ukija napita mbele tena. Nimeongozwa sala ya toba mara sita, mpaka wahudumu wananijua. Nafunga Jumatano na Ijumaa. Sikosi mkesha. Kila Jumamosi nadeki kanisa peke yangu. Zaka natoa ya mauzo yote, siyo ya faida. Mhubiri mmoja mgeni alisema ili mnyororo ukatike lazima upande mbegu inayouma, nikauza cherehani na vitenge vyangu nikatoa laki tatu. Mwaka 2021 mimba ya miezi mitano ikatoka, nikasema moyoni, bado ananidai.

Mchungaji wetu anafundisha kwamba tunaokolewa kwa neema kwa njia ya imani. Naitikia amina kama wengine. Lakini wenzangu wanasema wanasikia amani, mimi sisikii kitu, na imani yangu naiona ndogo. Nimebakiza nini, Shangazi? Nifanye nini zaidi ili Mungu anisamehe? Au mtu kama mimi neema haimfikii?

Mwenye deni, Kibirizi

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na mtoto, maana umemtaja kwa mstari mmoja tu ukapita haraka, na mama hapiti hapo haraka bila sababu. Pole sana. Mungu hakuichukua mimba yako kufidia fedha ya kikoba. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza swali lako hilohilo, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Kama hukuchunguzwa hospitali baada ya tukio lile, nenda uchunguzwe, kwa sababu mimba ya miezi mitano ikitoka huwa kuna sababu za mwilini ambazo daktari anaweza kuzitafuta. Na huyo mtoto mlilie kama mtoto. Usimfanye risiti ya deni.

Sasa nije kwenye swali lako.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu, nahesabu. Nimehesabu siku za kufunga, mikesha, sakafu ya kanisa, zaka ya mauzo, cherehani, vitenge, laki tatu, sala ya toba mara sita. Hayo yote umempelekea Mungu. Kisha nikatafuta kilichokwenda kwa wale akina mama ishirini na mmoja, sikuona hata shilingi. Nikatafuta neno lililokwenda Kasulu, sikuliona. Miaka yote hii, mwanangu, umekuwa ukimlipa asiyekudai, na wanaokudai umewakimbia. Ndiyo maana umechoka hivyo. Ungelipa hivi miaka hamsini mingine usingesikia kuwa deni limekwisha, maana fedha inaingia kwenye nyumba isiyokuwa na daftari lako.

Kwamba Mungu hakudai, hilo najua ndilo gumu kwako, na ni gumu kwa wengi wetu, hata tunaofundisha. Nadhani sababu mojawapo ni malezi yetu mema. Jirani akikuletea dagaa kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Utamrudishia na unga kidogo, au mawese, au hata chumvi. Mama zetu walitufundisha hivyo, nami nimewafundisha wanangu. Lakini jaribu hili: jirani amesimama mlangoni na bakuli lake la moto, ameandaa kwa mapenzi, halafu wewe kabla hujalipokea unaingiza mkono kwenye kibindo unauliza, "Bei gani?" Atakuangalia vipi? Bakuli utalirudisha siku yake, na kitu ndani, kwa sababu mnapendana. Ukilipia pale mlangoni umemwambia kuwa yeye ni muuza chakula. Wewe kila mkutano unasimama mlangoni kwa Mungu na kibindo mkononi.

Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso hivi: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Maneno haya unayajua kwa kichwa, umeniandikia mwenyewe. Nataka ukae kwenye neno moja tu, kipawa. Kwa Warumi analisema kwa lugha ya kibarua kabisa, kwamba mtu afanyaye kazi ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni. Wewe unajua tofauti hiyo kuliko wasomi. Ukimlipa kijana aliyekubebea magunia kutoka mwaloni, humpi zawadi, unampa chake. Sasa kama msamaha wako ungepatikana kwa kudeki sakafu Jumamosi, Mungu angekuwa anakulipa ujira, na Yesu angekuwa amekufa bure. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Kila unapoongeza kitu juu ya msalaba ili utoshe, unasema haukutosha.

Hujawa wa kwanza kupita njia hii. Martin Luther, kabla hajawa yule tunayemsoma, alikuwa mtawa aliyefunga, aliyekesha, aliyeungama dhambi zake kwa saa nyingi, na akitoka tu anakumbuka nyingine anarudi. Hakupata amani kwa njia hiyo. Alikuja kuipata kwenye Warumi, kwamba mwenye haki ataishi kwa imani. Na mwaka 1517 alipotoa zile hoja zake 95, moja ya mambo yaliyomchoma ni watu maskini kuuziwa hati za rehema kana kwamba rehema ya Mungu ina bei. Ndugu zangu Wakatoliki wanaosoma safu hii wasiudhike, maana jambo hili halitugawi tena kama zamani. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo na si kwa stahili yetu. Wamethodisti wakajiunga nalo 2006. Kwa hiyo mhubiri anayekuambia uuze cherehani ili Mungu akate mnyororo, awe wa dhehebu lolote, amesimama nje ya jambo ambalo makanisa yaliyogombana karne nne na ushee yamefika kulikubali pamoja. Nasema bila kumung'unya maneno: alichokufanyia ni vibaya. Cherehani ile ilikuwa riziki ya watoto wako, na laki tatu zile ni karibu robo ya fedha za wenzako wa kikoba.

Unasema imani yako ni ndogo na husikii kitu. Nikiwa msichana nilisafiri na baba kwa Liemba kutoka Kigoma kwenda Kasanga. Meli ile kila mtoto wa hapa anajua habari zake, jinsi Wajerumani walivyoizamisha 1916, ikaopolewa na kuanza safari upya 1927. Vijiji vingi vya pwani ya ziwa havikuwa na gati, abiria wanaletwa na mitumbwi mpaka ubavuni mwa meli, usiku mara nyingi, na lazima uvuke kutoka mtumbwini kwenda melini huku maji yanacheza. Nilimwona bibi mmoja akivutwa mikono miwili, analia, anamwita mama yake. Karibu naye kijana akaruka akicheka. Safari nzima bibi alitapika na kushika nguzo, yule kijana akalala. Asubuhi wote wawili walishuka walikokuwa wanakwenda. Meli haikumwuliza bibi kama amesikia amani. Ilimbeba kwa sababu alikuwa ndani yake.

Imani ni hiyo, mwanangu, kujiweka ndani ya Kristo hata kama unatetemeka. Yule baba kwenye Marko, mwenye mtoto mgonjwa, alipaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumwambia aende akaikuze imani yake kwanza ndipo arudi. Alimponya mtoto. Usikae unapima imani yako kama mtu anayepima homa kila saa. Na usipite mbele tena kuongozwa sala ya toba mara ya saba. Uliitwa, ukaitikia, ukapokelewa. Mtu akibatizwa habatizwi kila akikumbuka alivyokuwa mchafu.

Kuna asubuhi moja kwenye Injili ya Yohana ambayo naamini watu wa Kibirizi wanaielewa kuliko watu wa mijini. Petro na wenzake wamevua usiku kucha, hawakupata kitu. Petro huyo alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu kando ya moto wa makaa, na tangu siku ile hatujaambiwa ni usingizi gani alioupata. Wanafika ufukoni, wanakuta moto wa makaa mwingine, na samaki wameshawekwa juu yake, na mkate. Yesu mwenyewe ndiye aliyepika. Nimeusoma mstari huo miaka mingi kabla sijaona kwamba samaki walikuwa motoni tayari, kabla wale 153 wa kwenye wavu hawajafikishwa. Ndipo anasema waleteni na baadhi ya mliowavua. Kisha, "Njoni mfungue kinywa." Maswali magumu kwa Petro yalikuja baadaye, baada ya kula. Alimlisha kwanza.

Nawe umeshaandaliwa. Njoo ule. Halafu tuzungumze juu ya Kasulu.

Najua hapa utaogopa. Utasema, Shangazi, si umesema hakuna malipo? Kwa Mungu hakuna. Lakini yule aliyewaambia Waefeso si kwa matendo, mstari unaofuata anasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Mwangalie Zakayo. Hakurudisha fedha za watu ili Yesu aingie kwake. Yesu alimwambia ashuke, kwa kuwa leo imempasa kushinda nyumbani mwake, na Zakayo akamkaribisha kwa furaha huku kila mtu mjini ananung'unika. Fedha zilitoka baada ya hapo, tena mara nne. Kama angeambiwa alipe kwanza, nadhani angekuwa juu ya mkuyu mpaka leo.

Na kuhusu sadaka zako, Yesu alishasema cha kufanya mtu akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake: "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Iache hapo. Hata mfungo wa wiki hii uache, utahitaji nguvu.

Ushauri wangu wa vitendo ni huu, nawe uupime na mchungaji wako. Mwone yeye kwanza, na mkewe awepo, umwambie yote kama ulivyoniandikia. Mumeo usimwambie mkiwa wawili chumbani. Aliyemchapa mtoto wa dada yake kwa tuhuma tu ana mkono mwepesi, na habari hii itamuumiza kwa upande wa damu yake mwenyewe. Aambiwe mbele ya mchungaji na mzee mmoja wa ukoo anayemheshimu, na usiku ule ujue utalala wapi kama hasira zitapanda. Sikutishi. Nakutakia salama.

Kisha mtafute aliyekuwa mwenyekiti wa kikoba, maana madaftari huwa hayatupwi. Waite waliopo, waambie. Wengine watalia, wengine watakutukana, na wana haki. Huenda mmoja akataka jambo lifike serikali ya mtaa au polisi. Usikimbie na usijitetee. Waambie utalipa kwa awamu na kiasi unachoweza kila mwezi, kiandikwe, na usiahidi usichoweza. Torati iliagiza aliyedhulumu arudishe na aongeze sehemu ya tano juu yake, yaani kwako ingekuwa 1,512,000. Sikulazimishi hesabu hiyo, lakini shilingi ya 2016 si ya leo, na wewe mfanyabiashara unalijua hilo. Aliyefariki, wapewe watoto wake. Zaka ya mauzo ipunguze iwe ya faida kama wengine, na tofauti yake iende kwa hao mama. Kanisa ukipenda kulideki, lideki kwa sababu limechafuka.

Fedha, hata hivyo, ndiyo nyepesi kuliko yote. Yule binti sasa ana miaka ya kutosha kuwa na watoto wake. Kama aliolewa, aliolewa na jina la mwizi. Kila kitu kilipopotea nyumbani kwao, unafikiri nani alitazamwa kwanza? Hilo hulimalizi kwa simu, wala kwa kutuma hela kimyakimya. Nenda Kasulu mwenyewe, pamoja na mumeo kama atakubali, maana naye ana lake la kuomba radhi. Muombe wifi yako awaite walewale waliokuwepo siku binti alipoteremshwa kwenye basi, wazee na majirani, ili kilichosemwa hadharani kifutwe hadharani. Huenda asikusamehe. Msamaha wake huudai, ni wake kutoa siku akiweza, na asipotoa usiende tena kumfungia Mungu Jumatano na Ijumaa ili amlazimishe.

Ukifika, usianze na habari za wokovu wako, wala na jinsi ulivyoteseka. Hata maji ya kunywa yasubiri. Mwite kwa jina lake, mbele yao wote, umwambie, hukuiba, niliichukua mimi.

Shangazi